Wadogo zangu wa maabara ya mifupa, tazameni ukingo kwanza

Wiki hii nimepitia fomu tatu za uchunguzi wa mifupa ya watawa wa kale, zilizojazwa na wanafunzi wapya, na zote zinasema mtawa aliuawa kwa kipigo. Wadogo zangu, nawapenda, lakini tatu kwa wiki moja!

1. Ukingo wa mahali mfupa ulipokatika, kabla ya hadithi. Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa mifupa ya mtawa aliyekatika paja la kulia katikati. Kichwani nilikuwa na yule mtawa wa Zama za Kati wa Cambridge, Uingereza, aliyevunjika mapaja yote mawili, huenda kwa kugongwa na mkokoteni. Basi nikaandika: jeraha la wakati wa kufa. Nikachora, nikapima, nikawasilisha mbele ya wenzangu. Msimamizi wangu hakunikatiza. Nilipomaliza alisogeza taa ubavuni mwa mfupa, akasema, “Njoo uone, mwanangu.” Uso wa mfupa ulikuwa na rangi ya chai kavu. Ukingo ulikuwa mweupe kama chaki, unaparuza, umekatika wima kama kijiti kikavu. Mfupa mbichi, wa mtu aliye hai au aliyekufa punde, hukatika mshazari, ukingo ukawa laini, na rangi yake hufanana na ya uso kwa kuwa vimelala udongoni pamoja. Nikafungua daftari la uchimbaji. Mwandiko wangu mwenyewe: “mwiko wa kuchimbia umegusa paja.” Ni mimi niliyemvunja, na juu yake nikamzulia kifo. Jioni ile nilibaki peke yangu nikiandika fomu upya, na hadi leo namba ya boksi lake naikumbuka.

2. Bizimu ya mshipi iandikwe mahali hasa ilipolala, maana matajiri wafadhili nao walizikwa kwa watawa, na Cambridge bizimu za mishipi ya watawa ndizo zilizowatenganisha na wafadhili hao.

3. Msidhani ukuta wa nyumba ya watawa ulimkinga mtu. Matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya Cambridge yalitoka 2021, watu 314: makaburi ya parokia ya wanyonge, asilimia 44 walikuwa na mivunjiko, ya watawa wa Mtakatifu Augustino 32, ya hospitali ya wagonjwa na maskini 27. Mtawa mmoja aliishi na mkono uliovunjika namna ya mtu aliyeinua mkono kujikinga, na fuvu lililopigwa. Nani alimpiga, mfupa hausemi, nanyi msiseme.

4. Magoti msiyaruke. Mifupa ya watawa wa monasteri ya kale ya Mtakatifu Stefano, Jerusalem, ina alama watafiti walizozihusisha na kupiga magoti kila siku.

Kesho saa mbili asubuhi njooni na zile fomu tatu na maboksi yake. Taa ile ya msimamizi sasa iko mezani kwangu.