Vocha moja, mume na mama: nikate vipi tiketi za kwenda tu?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni muuguzi London, kwetu Lamu, mtaa wa Mkomani. Nina kadi ya American Express ya British Airways, ile ya Premium Plus, na mwaka huu imenipa vocha moja ya msafiri mwenza, ile ya watu wawili kwa pointi za mmoja. Pointi za Avios ninazo za kutosha. Inshallah mwakani nataka kuja Maulidi na mume wangu. Yeye atakaa wiki mbili arudi kazini, mimi nitakaa wiki sita kisha nirudi London na mama. Mama atakaa kwangu kama miezi minne, halafu nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni, kwani hajapata kusafiri mbali peke yake. Je, naweza kuigawa vocha, niende na mume na nirudi na mama? Na nikikata tiketi za kwenda tu, kila moja mbali na mwenziwe, nitapata hasara?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Swali la kugawa vocha naulizwa sana hapa Lamu, hasa na watu wenye jamaa Uingereza, na wengi huja kuniuliza wakishakata tiketi. Wewe umeuliza kabla, kwa hiyo bado tuna nafasi ya kulipanga vizuri.

Vocha haigawiki. Ni ya buking moja yenye namba moja, na watu wawili walio ndani yake hupanda ndege zile zile, kwenda na kurudi. Mwenye kadi lazima awe mmoja wao. Jina la mwenzako likishaingia ndilo hilo hilo mpaka mwisho wa safari. Huwezi kumshusha mume Nairobi ukampandisha mama mahali pake. Unaweza kuitumia vocha kwa safari ya kwenda tu, hilo linakubaliwa, lakini mkishasafiri imekwisha yote. Haibaki nusu ya kurudia.

Sasa hesabu. Katika tiketi za Avios za British Airways kila upande una bei yake, na kwenda na kurudi ni jumla ya pande mbili. Kwa hiyo ukilipa kwa pointi, tiketi mbili za kwenda tu hazikutii hasarani. Tena zina faida, kwa sababu ukifuta moja hadi saa 24 kabla ya ndege kuondoka, pointi zake zinarudi kwa ada, na ile nyingine haiguswi. Tiketi za pesa taslimu ni habari tofauti: ya kwenda tu kwenye safari ndefu mara nyingi bei yake ni mbaya, hukaribia ya kwenda na kurudi na wakati mwingine huipita.

Tuhesabu pande zote ulizonitajia. Wewe unaruka mara nne: unakuja Maulidi, unarudi na mama, unamleta mama, unarudi London. Mume mara mbili, mama mara mbili. Jumla pande 8. Kama vocha ingegawika ulivyotaka, ingekuokolea pande mbili, ungelipa 6. Ukiitumia kwa kuja tu na mume, unaokoa upande mmoja na vocha imekufa. Ukiitumia na mume kwenda na kurudi, inakubidi urudi naye baada ya wiki mbili, na hilo hulitaki.

Sasa igeuze safari. Tangu Septemba 2021, vocha za kadi yako si lazima zianzie Uingereza. Zinaweza kuanzia popote shirika linaporuka. Basi ifanye Nairobi ndiyo mwanzo. Vocha iwe ya wewe na mama, Nairobi kwenda London kisha kurudi Nairobi, watu wawili kwa pointi za mmoja. Kwa mama hiyo ni kwenda na kurudi. Kwako ni safari iliyo ndani ya safari, kwa sababu nje yake utakuwa na tiketi mbili za kwenda tu: ya London kuja Nairobi kwa ajili ya Maulidi, na ya Nairobi kurudi London ukishamfikisha mama nyumbani. Pande 8, unalipa 6. Ni ule ule uokoaji ulioutaka, ila umepita mlango wa nyuma.

Mume ningemtoa kwenye pointi kabisa. Safari yake ni ya wiki mbili, ya kawaida, na tiketi ya pesa ya kwenda na kurudi ikipatikana kwa bei nzuri ni afadhali mkainunua, ukabaki na akiba ya pointi. Dharura ya mzazi haipigi hodi.

Palipo pagumu katika mpango huu ni siku za kufunguliwa viti. British Airways hufungua viti vya Avios siku 355 kabla ya safari, saa sita ya usiku kwa saa za GMT. Kwa hapa Lamu ni saa tisa usiku. London wakati wa kiangazi ni saa saba. Katika kila ndege yao ya safari ndefu wameahidi viti visivyopungua 8 vya daraja la kawaida, 2 vya daraja linalofuata na 4 vya biashara. Viti 8 kwa ndege nzima si vingi. Na sisi watu wa Lamu tunalo jambo letu hapa: mwaka wa mwandamo ni siku 354 au 355. Maana yake viti vya Maulidi ya mwakani vinafunguliwa siku hizi hizi za Maulidi ya mwaka huu, Mfungo Sita, yaani mwezi wa Maulidi, kwa Mfungo Sita. Wakati zafa iko barabarani na watu wamejaa msikiti wa Riyadha, ndipo wa mwakani anatakiwa awe macho usiku. Chukua tarehe ya Mfungo Sita unayotaka kuondoka London, itazame mwaka huu iliangukia siku gani, na wakati huo ndio wako. Acha nafasi ya siku moja au mbili kwa sababu ya mwezi kuandama.

Tiketi yako ya kuja utaikata usiku huo kwa pointi tupu, bila vocha. Ya Nairobi kwenda London na mama itafunguka baadaye, na kurudi kwake kutafunguka miezi minne mbele zaidi. Hapa una njia mbili. Ya kwanza, ungoje mpaka pande zote ziwe wazi, ukate kwa mara moja, ukijua kwamba upande wa kwanza huenda viti vimekwisha. Ya pili ndiyo niipendayo: kata Nairobi–London kwa vocha siku inapofunguka, kisha upande wa kurudi ukifunguka piga simu, waambie wauongeze kwenye buking ile ile, namba ile ile. Waulize ada kabla hawajabonyeza. Usiukate upande huo mwenyewe kwenye programu ya simu kwa haraka ya kuwahi kiti, kwa sababu utapata namba mpya, na buking mpya haijui habari ya vocha yako.

Nalisema hili kwa uchungu. Mteja wangu mmoja alikatiwa tiketi mbili mbali mbali za pointi, akaahidiwa kwamba vocha itapachikwa baadaye. Vocha huwekwa wakati wa kukata, haipachikwi juu ya tiketi iliyokwisha kutoka. Ilibidi kufuta zote na kuanza upya, na viti vya kurudi tulivikosa. Alikwenda, lakini wiki mbili baada ya harusi iliyomtoa nyumbani.

Tazama pia tarehe ya mwisho ya vocha. Ya kadi yako huishi miaka 2, na ndege ya kwanza ya vocha, ile ya kutoka Nairobi na mama, iwe imeruka kabla ya siku hiyo. Na ukifuta ukarudishiwa vocha, tarehe yake haisogei mbele. Usiuache upande wa kwanza bila kupanda pia. Msipotokea Nairobi, wa kurudi unafutwa wenyewe.

Kodi mtalipa kila mtu yake. Vocha inafuta pointi za mwenzako tu, haigusi kodi wala ada za shirika hata senti. Serikali ya Uingereza hutoza kodi ya abiria kwa kila anayeondoka kule. Kwa Kenya, daraja la kawaida, kuanzia Aprili 2026 ni pauni 102. Katika mpango wako kuna kuondoka London mara nne: wewe mara mbili, mume moja, mama moja. Hizo ni pauni 408 kabla ya ada nyingine. Anayeondoka Nairobi hatozwi kodi hiyo.

Viza ya mama ianze mapema. Ya kutembelea kwa kawaida humruhusu kukaa hadi miezi 6, na minne yako inaingia bila tabu. Tiketi ya kwenda na kurudi yenye majina yenu wawili inamsaidia mbele ya afisa, na ya pointi ina wema huu, kwamba viza ikikataliwa unaifuta bila kupoteza vocha. Kwa upande wako hakikisha pasipoti unayosafiria ndiyo iliyounganishwa na viza yako ya kidijitali. Kama mume ana pasipoti ya Uingereza, aombe kibali cha eTA cha Kenya kabla ya kuondoka.

Lamu na Nairobi ni tiketi nyingine kabisa, na ndipo ninapowaona watu wakilia. Ndege ya London kwa kawaida hufika Nairobi usiku, wakati za Manda, uwanja wetu wa Lamu, zimeshalala, kwa hiyo weka pesa ya kulala. Ukiondoka na mama, usimtoe Lamu siku ile ile hata kama saa zinatosha kwenye karatasi. Mashua ya kuvuka, ndege ndogo, kisha pengine gari kutoka uwanja wa Wilson mpaka ule wa Jomo Kenyatta: kukichelewa kimoja, shirika la London halitakungoja, kwa sababu hawajui kwamba ulitoka Lamu. Mtoe jana yake. Na mizigo, ndege nyingi za Wilson huruhusu kilo 15 na za London 23, kwa hiyo yale mabuyu, achari na nazi anazotaka kukupelekea zipimwe nyumbani kabla hajashuka gatini.