Daftari la Ndoto Halichanganywi na Hesabu za Mbao

Jana baada ya sala ya Isha walinijia vijana watatu dakani kwetu Lamu, mtaa wa Mkomani, kila mmoja na malalamiko yake. Wote wanataka kujitambua ndotoni, yaani kujua kwamba wanaota wangali wamelala. Wa kwanza, ambaye ni mpwa wangu, ameitega simu yake ilie saa saba, saa nane, saa tisa na saa kumi za usiku kwa siku tisa mfululizo. Hajaandika hata mstari mmoja, macho yamemwiva kama ya mvuvi aliyekesha na jarife, na bibi yake ametishia kuitupa simu hiyo kisimani. Wa pili hujilaza chali saa nne za usiku akitaka kuingia ndotoni moja kwa moja angali macho, na kila mara hurudi na habari za jinamizi tu, kule kuzinduka huku mwili umefungwa. Wa tatu huziba pua mara mia kwa siku huku akitazama mpira, ajipime kama yuko macho, kwa kuwa ndotoni pumzi hupita hata pua ikizibwa, na anaona ajabu kwamba hajajitambua. Niliwasikiliza mpaka kahawa ikapoa. Makosa yote matatu niliyafanya mimi kabla yao, na niliyasimulia mwaka jana kwa wengine watatu. Basi safari hii nayaandika, ili nisiyaseme tena.

1. Andikeni kabla ya kuruka. Kila anayeanza anataka kupaa juu ya vilima vya mchanga vya Shela, na ukimwuliza ameota nini alfajiri ya leo anajikuna kichwa. Mtu asiyekumbuka ndoto zake huenda amekwisha kujitambua mara kadhaa na asijue, kwa sababu kumbukumbu ya ndoto huyeyuka katika dakika chache za mwanzo baada ya kuamka. Ukiamka usigeuke, usifumbue macho, usiguse simu; jiulize ulikuwa wapi muda huu, ushike kipande cha mwisho kilichobaki, hata kama ni rangi ya leso tu, na kutoka hapo urudi nyuma kipande baada ya kipande. Ukikwama, geukia ubavu wa pili taratibu na ungoje. Daftari na kalamu vikae ndani ya chandalua. Usiku usiokumbuka kitu andika tarehe na neno "sikukumbuka". Wala usifasiri: anayeandika "nyoka, maana yake adui" ameandika aliyoyasikia barazani, na nyoka wake mwenyewe, rangi yake na mahali alipokuwa, amempotea.

Na daftari hilo liwe la ndoto peke yake. Hapa sina budi kueleza kwa nini, ingawa wengi wa Mkomani wanakijua kisa hiki na hawajachoka kunikumbusha.

Nilikuwa katika mwezi wa tano wa kuandika. Kazi yangu ilikuwa, na ingali, kuchonga milango na fremu, na daftari nililokuwa nalo lilikuwa moja: mbele hesabu za mbao, nyuma ndoto. Zilipokutana katikati sikununua jingine, kwa ubahili ambao sasa unanitia haya, kwani daftari jipya lilikuwa shilingi 40. Nikawa naandika ndoto popote palipobaki nafasi, hata chini ya hesabu za wiki. Tena niliandika kwa namna niliyojivunia, bila "niliota", bila "kana kwamba", nikieleza kila jambo kama lililotukia, kwa kuwa nilijiaminisha kwamba kuandika hivyo huipa kumbukumbu uhai. Huipa kweli, na hilo ndilo lililoniponza.

Mjomba wangu alikuwa ameniuzia mbao za mbambakofi kwa mkopo wa shilingi 6,500. Hakuwa mtu wa karatasi; kati yetu neno lilitosha. Mwezi ulipokwisha alikuja karakanani, akaketi juu ya gogo, akazungumza habari za kaskazi na za mgonjwa fulani wa Matondoni, na mwisho kabisa, kwa sauti ya mtu anayeona haya kudai kilicho chake, akauliza kama nimepata chochote. Nilishangaa kwa dhati. Nilikuwa na hakika kwamba nimemlipa. Niliiona siku yenyewe: ameketi Mkunguni mbele ya Ngome, analowesha kidole kwa ulimi na kuhesabu noti moja moja, kisha anazikunja na kuzitia ndani ya kofia yake. Nilikumbuka hata alama ya jasho kwenye ukingo wa kofia hiyo. Nikamwambia, "Mjomba, pesa zako nilikulipa." Akasema hakumbuki. Nikasema, basi umesahau. Palikuwa na wanagenzi wangu wawili na mteja mmoja, na badala ya kunyamaza mbele ya watu niliongeza kwamba uzee una haki yake lakini hesabu ni hesabu, na kwamba mimi huandika. Nikalitoa daftari.

Ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, mwisho wa ukurasa: "Nimempa Mjomba 6,500 zote. Kazihesabu mara mbili." Nikauwekea kidole mstari huo. Mjomba alivaa miwani, akausoma, akanyamaza kitambo. Kisha akafunua ukurasa wa pili, jambo ambalo mimi sikulifanya, akasoma kwa sauti ileile ya upole: "Halafu akapanda punda mweupe, wakavuka maji mpaka Manda, na kwato hazikulowa."

Mteja alicheka mpaka ikambidi atoke nje. Wanagenzi waliinamia patasi zao. Mjomba hakucheka. Alilifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, mimi Manda sijafika mwaka huu," akaondoka zake. Kesho yake nilikuwa mlangoni kwake kabla mahamri hayajatoka motoni, nikiwa na pesa zote na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga usiku kucha bila kupata usingizi, sembuse ndoto. Alizipokea, akazitia mfukoni bila kuzitazama, akaniuliza kama nimekunywa chai. Huko kutozihesabu kuliniuma kuliko kicheko cha mteja. Tangu siku ile hajapata kuhesabu pesa zangu mbele yangu, na mbao hunipa kwa karatasi yenye sahihi mbili.

Kwa hiyo kila ukurasa uanze na neno "Niliota", na jambo lolote la pesa, ahadi au talaka mnalolikumbuka kwa uwazi wa kupita kiasi mlihakikishe kwanza kwa mtu mwingine aliye macho.

2. Usingizi una zamu zake. Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika mwaka 1953 habari za macho yanayochezacheza chini ya kope za mtu aliyelala, na waliofuata wakaonyesha kwamba kipindi hicho, chenye ndoto zilizo wazi zaidi, hurudi takriban kila dakika 90, na kwamba kadiri usiku unavyokwenda ndivyo kinavyorefuka: cha kwanza huenda kisizidi dakika 10, vya karibu na asubuhi hufika nusu saa na zaidi. Mpwa wangu anayejiamsha saa saba anaukatiza usingizi mzito, ambao mwili unauhitaji, ili avue mahali pasipo na samaki. Sisi tunaye muadhini. Aliyelala saa tano, akaamshwa na adhana ya Alfajiri, akasali, akakaa kidogo, kisha akarudi kitandani na nia yake, amepata bila kununua kile ambacho wenzetu wa nchi nyingine wanakitafuta kwa saa za kengele. Ramadhani ndiyo msimu wenyewe: unaamka kula daku, unasali, unalala tena, na ndoto zinakuja kwa mkururo. Wazee watawaambia kwamba usingizi wa baada ya Alfajiri hufukuza riziki, nami kama mwenye karakana siwezi kuwabishia, kwa hiyo iwe siku mbili kwa wiki, zile zisizo na kazi.

Kuhusu nia yenyewe, njia aliyoieleza Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiyo iliyonifaa: unairudia akilini ndoto uliyotoka kuiota, unajiona ndani yake ukigundua kwamba ni ndoto, na unajiambia kwamba ukiota tena utakumbuka kuwa unaota. Kuyatamka maneno hayo bila kuiona picha hakuna faida. Niliyatamka miezi miwili, nikawa nalala vizuri tu.

3. Kipimo ni swali. Kwa muda mrefu nilijipima kama mtu anayevuta tasbihi huku anasengenya. Ikafika usiku mmoja nikawa nimesimama katika kichochoro cha Langoni, kile ambacho punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi arudi nyuma, na ikapita matatu ya watu kumi na wanne, utingo ananing'inia mlangoni anaita, "Mombasa, Mombasa, wawili!" Nilijibana ukutani ipite. Kwa mazoea nikaziba pua, na pumzi ikapita kama sijaiziba. Nikajiambia kwamba leo pua hii ina kasoro, itabidi nimwone daktari, kisha nikamuuliza utingo nauli ni kiasi gani. Asubuhi nilipoyaandika hayo nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu, nikijionea huruma. Mara mia zote za mchana zilikuwa zimenifundisha kuziba pua na kusema "niko macho". Afadhali mara saba au nane kwa siku, kila mara ukiwa na shaka ya kweli: nimefikaje hapa, nilitoka wapi, maandishi haya nikiyasoma mara ya pili yatabaki vilevile?

4. Jinamizi si jini aliyetumwa na jirani. Katika kipindi kile cha macho kuchezacheza misuli ya mwili hufungwa, pengine ili tusiitende ndoto kitandani. Kinachoachwa huru ni macho na pumzi. Kwa sababu hiyo Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull aliweza mwaka 1975 kupokea ishara walizoagana za macho, kushoto na kulia, kutoka kwa Alan Worsley aliyekuwa amelala na anajua kwamba anaota. Anayewaambia barazani kwamba haya yote ni uongo mpeni habari hiyo. Jinamizi nalo ni kufuli lilelile lililochelewa kufunguka huku wewe umekwisha kuamka, na kulala chali hulialika. Usipigane nalo, pumua polepole, jaribu kutikisa kidole cha mguu, nalo litapita. Mimi husoma Ayatul Kursi, kama nilivyofundishwa na bibi yangu kabla sijasikia habari za maabara yoyote. Anayeshikwa nalo mara kwa mara, au ambaye usingizi wake umeharibika, aache mazoezi haya na amwone daktari.

5. Madogo madogo. Ukijitambua usishangilie, maana furaha huamsha. Sugua viganja na utazame kitu cha karibu mpaka ndoto itulie. Miraa inafukuza usingizi wenyewe, kwa hiyo msiniletee swali la ndoto mkiwa na kifurushi mfukoni. Ndoto ya kutisha iandikwe ikibidi, ila isisimuliwe barazani. Na mkiamka jihakikishieni kwamba mmeamka kweli, kwa maana niliwahi kuandika kurasa tatu nzuri, kwa wino wa kijani, nikaamka mara ya pili nikakuta daftari tupu, wala wino wa kijani sijapata kuwa nao.

6. Msihesabu siku. Frederik van Eeden, Mholanzi aliyelipa jambo hili jina lake la Kiingereza mwaka 1913, aliandika kwamba kati ya mwaka 1898 na 1912 alizipata ndoto za namna hii 352, ambazo ukizigawanya ni kama mbili kwa mwezi. Mpwa wangu ana siku tisa na tayari anasema njia hii haifanyi kazi.

Afanye anachoweza kukifanya sasa: asome daftari lake kila Ijumaa na atie mstari chini ya kila linalojirudia, kwa maana kila mtu ana alama zake, na za mwenzako hazikufai. Kuna wanaorudi madrasa walikokwisha kuhitimu, na kuna ambao jahazi lao halifiki bandarini. Yangu ilichukua muda kuiona, ingawa ilikuwa imejaa kurasa nzima. Mjomba huja, huketi Mkunguni, nami nampa pesa. Akizitia mfukoni bila kuzitazama, sina la kusema; huenda niko macho. Lakini akitoa ulimi, akalowesha kidole, akaanza kuhesabu noti moja moja, hapo hapo navitazama viganja vyangu, navisugua, na ninamwomba kwa adabu anipishe kwenye punda, nivuke mimi Manda.