Maswali ya Wasomaji: Maseneta Wasio na Kaunti Hutoka Wapi?

SWALI: Mhariri, kaunti yetu ilimchagua seneta mmoja, lakini Seneti ya Kenya ina wengine ambao majina yao hayakuwa kwenye karatasi ya kura. Huingiaje? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Ibara ya 98 ya Katiba ya mwaka 2010 inaunda Seneti yenye maseneta 67 pamoja na Spika, ambaye ni mjumbe kwa wadhifa wake. Wapiga kura huwachagua 47, mmoja kwa kila kaunti, hivyo Lamu ina kiti kimoja sawasawa na Nairobi, ingawa idadi ya watu wao hailingani hata kidogo. Waliobaki hutoka kwenye orodha za vyama kwa kadiri ya viti ambavyo kila chama kimeshinda: wanawake 16, vijana 2 na watu 2 wenye ulemavu, mwanamume na mwanamke kwa kila kundi katika haya mawili ya mwisho. Hata hivyo, katika miswada mingi inayohusu kaunti, ujumbe wa kaunti, yaani maseneta wote waliojiandikisha kama wapiga kura katika kaunti hiyo, wakiwemo wa orodha za vyama, huwa na kura moja tu, na kwa kawaida huipiga yule mliyemchagua, baada ya kushauriana na wenzake. Kwa maoni yangu, utaratibu huo unawapunguzia walioteuliwa sauti kuliko wengi wanavyodhani.