Pedeli ya kushoto haijagoma, inafunguka kinyume

Mkuu, umesema pedeli ya kushoto ya baiskeli ya mwanao imekataa kufunguka mpaka spana imepinda, na wadau wanakuambia huna nguvu. Tafadhali usiongeze nguvu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Dodoma, na kosa hilo nililifanya nikiwa najifunza kazi kwa mjomba kule Mpwapwa.

Mteja alikuwa muuza maji, baiskeli yake inabeba madumu manne. Nikashika spana namba 15, nikazungusha kushoto kama ninavyofungua nati yoyote. Ikakaza. Nikachomeka bomba kwenye spana, nikaliegemea kwa mwili mzima. Nyuzi, ile mistari ya skrubu ndani ya mkono wa pedeli, zikaliwa zote, zikabaki chenga za chuma zinang'aa kiganjani. Mjomba alinunua mkono mwingine kwa hela yake, na yule baba akalala bila kuuza hata dumu moja. Muda wote huo nilikuwa na uhakika kwamba nafungua.

Pedeli ya kulia ina uzi wa kawaida, ya kushoto uzi wake umegeuzwa, yaani inafunguka ukizungusha kulia. Chukua kalamu, ishike kwa ngumi iliyolegea, halafu izungushe ncha yake duara kwa mkono mwingine. Kalamu yenyewe itajiviringisha kinyume cha duara hilo. Uzito wa mguu, ukipita kwenye gololi, unaifanyia ekseli ya pedeli, kile chuma kinachoingia kwenye mkono, hivyohivyo kila unapokanyaga. Kushoto kungekuwa na uzi wa kawaida, pedeli ingejilegeza yenyewe njiani.

Kwa hiyo achana na kushoto na kulia, fikiria mbele na nyuma. Shikisha spana kwenye ekseli, mpini wake ukielekea juu. Ukiivuta kuelekea tairi la nyuma, pedeli inafunguka, iwe ya upande wowote. Kuelekea tairi la mbele inakaza.

Wachomeleaji wanayajua haya. Mtungi wa asetilini, gesi ya kuchomelea, una uzi wa kinyume, wa oksijeni wa kawaida, ili mpira wa huku usifungwe kule. Ila nati za uzi wa kinyume hukatwa vijimikato kwenye kona, hata gizani kidole kinavihisi. Pedeli nyingi zimegongwa herufi L (left, kushoto) na R (right, kulia) tu kwenye ekseli, ndogo mno, zikishapata grisi na vumbi la huku kwetu hazisomeki. Na kijana wa kijijini Chamwino asiyejua Kiingereza zitamsaidia nini? Hapo nawalaumu watengenezaji. Kugeuza uzi kuna sababu, lakini basi mpe mtu alama anayoweza kuishika. Mimi kila pedeli ya kushoto naipiga tupa, mkato mmoja, kabla sijaifunga.

Yako imeshakazwa mno, mkuu. Tia mafuta ya taa leo, iache ilale, kesho asubuhi vuta kuelekea nyuma. Ikitoka, kagua nyuzi vizuri, na wakati wa kurudisha anza kwa vidole mpaka ishike mizunguko mitatu minne. Spana ije baadaye.