Muulize Mjomba: "Nilipiga makofi peke yangu, ukumbi mzima ukanigeukia"

Shikamoo Mjomba. Nasoma uhandisi hapa Shanghai, mwaka wa pili sasa. Juzi mwalimu wangu kanipa tiketi ya konseti, akaniambia ni muziki wa Kichina na wa Kizungu kwa pamoja, mimi nikajua nitakuta Wachina na vyombo vyao upande huu, wa fidla upande ule, halafu wanapokezana. Nafika, okestra ni ile ile ya Kizungu ninayoionaga kwenye TV, binti mmoja kasimama mbele na fidla, wakapiga kitu kimoja kama nusu saa bila kupumzika, bibi aliyekaa pembeni yangu analia hadi leso imeloa. Baada ya mapumziko ikaja simfoni ya Dvořák, ile namba 9, ikafika mahali ikapiga kishindo ikakata, nikasimama kabisa nikapiga makofi. Peke yangu Mjomba. Maswali mawili: makofi yanapigwa lini? Na huo mchanganyiko ulikuwa wapi, mbona mimi sikuuona?
*Mpwa wako, Shanghai*

Marahaba mpwa. Ngoja nimalize kucheka ndo nikupe pole. Usijione mshamba, yamewapata wengi, na hao waliokugeukia nusu yao walikuwa hawana uhakika vilevile, walikuwa wanamsubiri mtu wa kuwatangulia wakakupata wewe. Simfoni hiyo ina sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu watu hawapigi makofi, wanakohoa tu na kujiweka sawa kwenye viti. Mwangalie yule anayeongoza kwa kijiti. Mikono ikiwa bado hewani, tulia. Akiishusha akageuka kuwatazama nyinyi, hapo piga mpaka viganja viwashe.

Hilo la pili ndo tamu. Kwa hiyo nusu saa, binti na fidla, na bibi wa watu kulia, wewe umesikiliza Liang Zhu, konseto ya fidla (yaani fidla moja inaongoza, okestra inaisindikiza) inayotokana na hadithi ya wapenzi waliogeuka vipepeo. Hadithi yenyewe kwa ufupi: Zhu Yingtai ni binti wa tajiri, anavaa kiume ili aende shule maana wasichana hawaruhusiwi, huko anasoma na Liang Shanbo miaka mitatu na jamaa hajui kabisa kwamba mwenzie ni mwanamke. Anakuja kujua kashachelewa, binti kaposwa kwa mwingine. Liang anakufa kwa majonzi. Siku ya harusi msafara unapita karibu na kaburi, Zhu anashuka analia, kaburi linafunguka, anajitupa ndani, wanatoka vipepeo wawili. Kila Mchina anaijua hii tangu utotoni, ndo maana bibi yako alianza kulia kabla mambo hayajaharibika.

Sasa sikia ilivyotungwa. 1958, hapo hapo Shanghai ulipo, wanafunzi wa chuo cha muziki walikuwa wanapelekwa vijijini kuwapigia wakulima, wanapiga Bach wao kwa ufundi wote, wakulima wanawaangalia kwa adabu tu, hawaelewi kitu. Mmoja wa wanafunzi hao, He Zhanhao, alikuwa ametokea kwenye kikundi cha opera ya Yue, tamthilia ya kuimba, ile ya kwao Zhejiang ambayo hata wanaume kwa kawaida wanaigizwa na wanawake, akawa anajiuliza kwa nini fidla isiimbe kama wale waimbaji. Wakapeleka mapendekezo matatu kwa kiongozi wa Chama cha Kikomunisti pale chuoni, Meng Bo: watunge kuhusu raia wote kuwa askari, au kuyeyusha chuma (ndo ilikuwa kampeni ya wakati ule), au hii hadithi ya wapenzi. Akachagua ya tatu! Mwaka ule, Mjomba wako bado anashangaa. He akashirikiana na Chen Gang aliyekuwa anasomea utunzi, na Mei 1959 ikapigwa mara ya kwanza, fidla akishika Yu Lina, binti wa miaka 18. Yakaja Mapinduzi ya Utamaduni 1966, ile kampeni ya Mao ya kufuta mambo ya kale, ikapigwa marufuku miaka kumi, eti ni mambo ya kimwinyi na mapenzi. Huyo bibi pembeni yako pengine aliisikia akiwa kijana, ikapotea, ikarudi. Machozi mengine siyo ya vipepeo.

Kwa hiyo mpwa, mchanganyiko ulikuwa mbele yako, tatizo uliutafuta kwenye vyombo. Uko kwenye mkono wa kushoto wa yule binti. Fidla ya Kizungu inafundishwa ukanyage noti yako safi uende nyingine. Yeye alikuwa anateleza, kidole kinapanda kwenye waya kinaburuta sauti kutoka noti hii hadi ile, vile mwimbaji wa taarabu anavyolivuta neno "mahaba" mpaka linataka kukatika. Huo mtelezo ni wa opera na wa erhu, ile fidla ya Kichina ya nyuzi mbili.

Irudie kwenye simu na hedifoni nzuri. Inaanza filimbi peke yake, asubuhi hiyo, kisha obo, ile zumari ya Kizungu, ndo fidla inaingia na ule wimbo wenyewe. Katikati kuna mahali fidla na selo (fidla kubwa ya sauti nzito) wanaongea wawili tu, selo ndo Liang, fidla ndo Zhu, huyu akimaliza sentensi yule anaidaka. Halafu fika kaburini. Hapo okestra inakwenda mbio tititititi na fidla juu yake inaimba taratiibu kama haina habari na hizo mbio. Ni ujanja wa opera ya Kichina kabisa, mdundo unakimbia sauti inalia polepole. Ikifika gongo kubwa ujue binti kajitupa. Kinachofuata ni vipepeo, nyuzi zimezibwa sauti, usipumue.

---

Mjomba, hujambo. Mimi huenda nikawa mkubwa kwako lakini nitakuita Mjomba kama wenzangu. Nilimuona Mchina kwenye TV akipiga chombo kama udi mbele ya okestra kubwa, nikamwambia bwanangu huo ni udi wetu, yeye asema niache wazimu, Wachina na udi wapi na wapi. Tumewekeana pilau. Nani anapika?
*Bi. mpenda taarabu, Mombasa*

Sijambo Bi. Mkubwa, na mwambie bwana akaloweke mchele. Hujapata mia kwa mia, chombo hicho kinaitwa pipa, lakini ni ndugu wa udi. Zamani Uajemi kulikuwa na chombo kinaitwa barbat. Kizazi kimoja kikaenda kwa Waarabu kikawa udi (wa kupiga, siyo wa kuchoma), ukafika Ulaya ukaitwa luti, ukaja na kwetu pwani. Kizazi kingine kikafuata njia ya hariri kuelekea mashariki na huko ndiko pipa ya leo ilikozaliwa. Enzi za Tang, yaani miaka ya 618 hadi 907, Wachina walikuwa bado wanailaza mapajani na kuipiga kwa risha kama wapigaji wetu, baadaye ndo wakaisimamisha na kuanza kutumia vidole vyote vitano, kila kidole kimefungwa kucha ya bandia kwa plasta. Ukimuona mpigaji kwa karibu utadhani kaumia mkono mzima. Tofauti nyingine, udi hauna vigawanyo shingoni, vile vipande vya kugawa noti kama vya gitaa, na pipa inavyo kama thelathini, ndo maana udi unateleza na pipa inadondoka kama mvua kwenye bati.

Na siyo udi tu. Kuna zumari ya Kichina, suona, nayo asili yake Uajemi, ni ukoo mmoja na nzumari yetu ya harusini, na ikilia ndani ya ukumbi wa okestra fidla zote zinakuwa wageni. Kuna sheng, mianzi imesimama kama mrundo wa mirija na unaipuliza, ulimi wake wa chuma unatikisika wenyewe. Ilipofika Ulaya karne ya 18 mafundi wakaipekua, wazo hilo likasaidia kuzaa kinanda cha mdomo na kodiani. Kodiani hiyo hiyo inayokaa mapajani mwa mzee kwenye kikundi cha taarabu, Bi. Mkubwa, ina babu Uchina.

Ndo maana mimi nikiambiwa "konseti ya kuchanganya" huwa natabasamu. Taarabu ya zamani ina fidla za Ulaya, kanuni na udi wa Kiarabu, kodiani, dumbaki, na mashairi yetu juu yake, na hakuna aliyewahi kutuuzia tiketi akisema ni mchanganyiko.

---

Sasa Mjomba, mimi ni mwanafunzi wa piano Nairobi. Kusema ukweli hii fusion naona inaharibu pande zote mbili. Ukiweka erhu mbele ya watu themanini haisikiki, wanaiwekea maikrofoni, inakuwa kama tangazo la hoteli ya Kichina. Niambie kama nimekosea.
*Mkali wa Nairobi*

Poa sana, na nusu yake hujakosea. Erhu ni kisanduku kidogo kimewambwa ngozi ya chatu, nyuzi mbili, na nywele za uta zimepita katikati ya nyuzi hizo mbili hivyo huwezi hata kuutoa, chombo na uta vimeoana. Haina ubao wa kukandamizia, kidole kinaning'inia kwenye uzi tu. Ukitaka kuipata kwa macho mfikirie mpigaji wa orutu, fidla ya Wajaluo ya uzi mmoja, kule Nyanza, au zeze ya Wagogo ukivuka mpaka. Ilitengenezwa isikike chumbani na barazani. Kuiambia ishindane na tarumbeta ni kuionea, na watunzi wavivu wanaipa sekunde ishirini za "China hii hapa", kisha okestra inaendelea na mambo yake. Kachumbari pembeni ya sahani. Hapo niko na wewe.

Ila wapo waliofikiria. Mmarekani Lou Harrison alipoandika konseto ya pipa 1997, kwa ajili ya mpigaji Wu Man, hakuita tarumbeta wala ngoma kubwa, kaweka vyombo vya nyuzi tu, pipa ikapata nafasi ya kupumua. Na wewe wa piano tafuta konseto ya Mto Manjano. Ilitokana na kantata (utunzi wa kwaya na okestra) ya Xian Xinghai ya 1939, wakati wa vita na Wajapani, ikageuzwa ya piano 1969 na kamati nzima, Yin Chengzong akiwemo. Kamati, ndiyo, enzi hizo jina la mtunzi mmoja lilikuwa hatari. Piano yenyewe ilikuwa inaitwa chombo cha mabwanyenye, konseto hii ndo ikaipa pa kujificha. 1973 okestra ya Philadelphia ilipokwenda Beijing na Eugene Ormandy waliipiga, Yin kwenye piano. Mimi mwisho wake unanichosha, nyimbo za chama zinapandana moja juu ya nyingine kama watu kwenye matatu ya saa kumi na mbili. Lakini sehemu ya tatu inaanza na dizi, filimbi ya mwanzi yenye kijitundu kilichobandikwa utando mwembamba wa tete, unaofanya sauti iwe na mzizimo fulani hivi, halafu piano inaingia ikiiga guzheng, kinubi cha Kichina kinacholazwa. Jaribu kupiga hapo na vidole vyako vya Chopin uone kama hiyo ni mapambo ya hoteli.

---

Mjomba, niko Guangzhou kwa biashara, binti yangu Dar kaona video anataka erhu. Nikimnunulia nitapita nayo?
*Baba Mtu*

Baba Mtu, nunua lakini uliza kwanza ngozi. Chatu yuko kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ukiwa na ya ngozi halisi bila vibali unaweza kuiacha uwanja wa ndege ukalia kama yule bibi wa Shanghai. Mwambie muuzaji unataka ya ngozi ya kutengenezwa, Okestra ya Kichina ya Hong Kong yenyewe imeshahamia kwenye plastiki miaka mingi na bado inajaza ukumbi. Nunua na ulimbo wa uta, ile resini ya kupaka nywele za uta, palepale dukani. Na binti asishtuke akiona vumbi jeupe limejaa juu ya kisanduku chini ya nyuzi, ni ulimbo huo unadondoka, afute kwa kitambaa kikavu kila akimaliza. Wiki za mwanzo italia kama mlango wa ghala, wapeni taarifa majirani mapema.