Pedeli ya kushoto imetoka na thredi, nichomelee?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko huku Bahi, nina Raleigh ya marehemu babu, zile nyeusi za kotapini, pini inayobana mkono wa pedeli, bado naibebea maji na mpunga kila siku. Pedeli ya kushoto ilianza kucheza mwezi uliopita nikawa nakanyaga hivyohivyo, juzi ikachomoka njiani nikiwa na madumu mawili nyuma. Nikirudisha inaingia mizunguko miwili, inakaa upande, halafu inatoka. Fundi wa hapa kijijini anasema dawa ni kuichomelea moja kwa moja. Nimemwambia asubiri kwanza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na umefanya vizuri sana kumwambia asubiri. Usikubali kuchomelea. Mimi niliwahi kumwachia fundi mmoja baiskeli yangu akaichomelea, moto ukayeyusha grisi yote ya ndani, goroli zikakauka, baada ya muda koni zinazobana goroli zikaisha na ekseli, yaani mhimili wa pedeli, haitoki tena, ikabidi nitupe pedeli pamoja na krenki yake, ule mkono inamofungwa. Krenki za zamani kama hiyo yako ni chuma kizuri, inauma kuona inaharibiwa namna hiyo.

Kwanza ujue pedeli ya kushoto thredi zake ni za kinyume. Angalia mwisho wa ekseli, mara nyingi kumepigwa herufi L kwa kushoto na R kwa kulia. Kukaza ya kushoto unazungusha kinyume cha saa, ya kulia unafuata saa. Ukichanganya ndo unakuwa umeanza kukata thredi kwa mkono wako mwenyewe, na nina wasiwasi hapo kwenu kuna mtu amejaribu kuilazimisha na pedeli ya kulia, muulize vizuri huyo fundi.

Sasa cha msingi ni hiki: usihangaike kuingiza kwa mbele. Mbele ndo kumeliwa, pedeli ikilegea inapigapiga pale mdomoni, lakini kwa nyuma, upande unaotazama fremu, mara nyingi thredi bado ziko hai. Kwa hiyo toa krenki. Legeza nati ya kotapini mpaka iwe sawa na ncha ya pini usiitoe yote, weka kipande cha bomba la chuma chini ya krenki kisimame mpaka sakafuni, ndo upige nyundo moja ya uhakika, bila lile bomba unaumiza goroli za katikati na pini inapinda tu.

Krenki ikishatoka ioshe na mafuta ya taa, piga brashi ya waya mpaka uone mistari ya thredi inang'aa. Tafuta pedeli mbovu ya kushoto ambayo thredi zake ni nzima, ibomoe ubaki na ekseli tupu, halafu kata mifereji mitatu kwa urefu juu ya thredi, msumeno ukishindwa tumia grenda. Hapo umepata tepu yako, kile kifaa cha kukatia thredi. Funga krenki kwenye jiriwa, tia oili, ingiza hiyo ekseli kwa NYUMA kwa vidole kwanza, bado ni kinyume cha saa. Ikishika ndo uweke spana: nusu mzunguko mbele, robo unarudi, unafuta unga wa chuma, oili tena. Usiwe na haraka hapa. Ukiona inatokea mbele imenyooka, umepona.

Kama hata nyuma kumeisha kabisa basi peleka Dodoma mjini kwa wachonga vyuma wenye leizi mashine, tundu linapanuliwa na kuwekwa bushi yenye thredi ndani. Au nunua krenki ya kushoto peke yake, ya kushoto haina sproketi kwa hiyo ni rahisi kubadilisha, ila pima urefu uwe sawa na ya kulia.

Wakati wa kufunga paka grisi, anza kwa vidole mizunguko mitatu minne, kaza na spana, kesho yake kaza tena. Na siku ukisikia inacheza tena shuka hapohapo uikaze, usiseme nitafika nyumbani kwanza.

SWALI: Fundi habari, mimi wa Kongwa. Gereji ya magari hapa wana tepu ya plagi, ya 14, inaingia kabisa kwenye krenki yangu ya kulia, Phoenix. Nipitishe?

JIBU: Hapana dada. Tepu ya plagi ni milimita 14 na hatua ya thredi, yaani nafasi ya thredi moja hadi nyingine, milimita 1.25. Pedeli ya Phoenix ni 9/16 ya inchi, thredi 20 kwa inchi, yaani milimita 14.29 na hatua 1.27. Inadanganya kwa sababu inaingia, lakini ikifika mzunguko wa kumi imeshapishana kama milimita 0.2, unabaki na thredi nyembamba za kuliwa wiki ijayo. Hiyo 14 kwa 1.25 ilikuwa ya baiskeli za zamani za Ufaransa, kama una Peugeot ya enzi hizo hapo sawa. Kwa Phoenix yako mwambie akutafutie tepu ya 9/16 kwa 20.