Unaweka vitu stoo kaskazi hii? Soma kwanza

Huku kwetu Unguja mtu akivunja nyumba ajenge upya au akipata uhamisho, vitu anavipeleka stoo ya kukodi, fremu ya mtu Fuoni au kontena huko Mwanakwerekwe, anapiga kufuli basi kasahau. Na wengi wanahama Disemba na Januari, kaskazi ndo inakoza, mpaka ikifika Machi joto halisemeki. Mie nilipohamishiwa Chake Chake, kule Pemba, nilikodi chumba, vitu vikakaa kaskazi nzima na masika yake, na vyote nimevikuta salama alhamdulillah, ndo maana naandika.

Tuelewane kitu kimoja, joto peke yake si adui mkubwa. Kinachoharibu ni joto na unyevu vikikutana halafu hewa haina pa kutokea. Sisi tumezungukwa na bahari, hewa yetu ina maji na chumvi wakati wote. Mchana bati linachemka, usiku linapoa, na ule unyevu uliofungiwa ndani unageuka maji. Fungua kontena alfajiri uangalie juu, utaona matone yamejipanga chini ya bati, na jua likipanda kidogo yanadondoka moja moja juu ya godoro lako.

Kwa hivyo stoo nenda kaitazame saa nane mchana, sio asubuhi. Ingia, rudisha mlango, kaa kidogo. Kama haina dari wala matundu ya hewa tafuta kwengine hata bei iwe nzuri vipi. Vyumba vya chini vya Mji Mkongwe vina ubaridi, kuta nene za mawe na chokaa, lakini kuta zile zinanyonya maji kutoka ardhini, kwa hivyo usisogeze kitu mpaka ukutani, acha nafasi ya mtu kupita, na chini tandika paleti au mbao.

Nguo sasa, hapa naomba tusikilizane sana jamani. Watu wanapenda kufunga kwenye nailoni na kubandika selotepu juu, wanadhani ndo wamehifadhi, kumbe unyevu uliobaki kwenye nguo wameufungia humo humo na baada ya muda ni madoa meusi na uvundo usiotoka hata ufue vipi. Anika juani mpaka zikauke kabisa, kisha ziache zipoe kivulini ndo ukunje, maana nguo ukiikunja ya moto inatoa jasho ndani. Weka kwenye sanduku la mbao au boksi, funika shuka la pamba. Shangazi yangu ananifungia karafuu kavu na mdalasini kwenye vitambaa, navitia kati ya kanga, na nilipofungua baada ya masika doti zote zilikuwa zinanukia na hazina tundu hata moja. Vile vidonge vyeupe vya nondo mie sivitaki, na kwenye nguo za mtoto mchanga usitie kabisa, dawa ile inaweza kumharibu damu, hasa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, yaani kile kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu.

Friji ioshe, ikaushe mpaka ndani ya mikunjo ya raba ya mlango, halafu mlango usiufunge, bana kitambaa ubaki wazi kidogo. Isimame wima. Makochi na kabati usiyavalishe nailoni, shuka linatosha.

Picha za albamu zinagandana kwa joto, tia karatasi kavu katikati. Vyeti, hati ya nyumba, laptopu na pawabenki hivyo nenda navyo, visikae stoo. Ikibidi laptopu ibaki, izime ikiwa na chaji kama nusu, betri haipendi kukaa imejaa kwenye joto wala kukaa tupu.

Mtungi wa gesi, tina ya kuchanganyia rangi, spreyi, petroli usiweke kabisa, na jenereta mwaga mafuta yote kwanza, hili sio la kubahatisha, humo ndani kuna vitu vya watu wengine pia.

Na ufunguo mwachie mtu. Mdogo wangu alikuwa anakwenda Ijumaa asubuhi kabla hajajitayarisha kwa sala, anafungua mlango na dirisha upepo upite, anatazama panya na mchwa, siku ya mvua haendi. Mwenye stoo akikwambia hataki mlango ufunguliwe funguliwe, usimpe pesa yako.